VUMBI LA MAWE SI TAKATAKA, TULIJENGEE
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Wahenga walisema kuwa akili ni mali. Sisi wa Kitui na Makueni tuna mawe, tuna vumbi la mawe, tuna jua la kutosha na kubaki, na akili pia Mungu hakutunyima. Basi kwa nini mfuko wa simiti utoke mbali kwa bei ya kuumiza, mchanga wa mito yetu utoroke usiku kwa malori, na vumbi la mawe lirundikane hapa hapa likiingia vifuani mwa mama zetu? Hilo ndilo swali linalonikera mwaka huu. Maoni yangu ni kwamba vumbi hili ni mali ya kujengea, na kaunti zetu mbili zinapaswa kuanza kulitumia kabla mito haijabaki mifupa mitupu.

Huenda msomaji akashangaa na kusema, huyu naye ameacha ngeli na methali akashika nyundo! Subiri kidogo, ndugu yangu. Jambo hili ni la Chama cha Kiswahili kama lilivyo la chama cha sayansi, na sababu nitaitoa mbele. Kwa sasa hebu tuanze na mawe yenyewe.

Asiyejua kwamba Ukambani ni nchi ya mawe basi hajawahi kulima huku. Ukipiga jembe, jiwe. Ukichimba choo, jiwe. Ukiinua macho unaona jiwe la Nzambani pale Kitui, lile ambalo wazee husema ukilizunguka mara 7 mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Kule Makueni kuna vilima vya Nzaui na Mbooni. Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza kwamba sehemu kubwa ya mawe haya ni ya zamani mno. Mengine ni graniti, na mengi huitwa naisi, yaani ni kama ndugu wa graniti waliopikwa upya na joto na uzito mkubwa chini ya ardhi. Ndani yake kuna vitu vile vile. Katika graniti ya kawaida silika ni kama asilimia 70 na alumina ni kama asilimia 14. Wekeni majina hayo mawili akilini, silika na alumina, maana tutayarudia.

Mawe haya sasa yanapondwa kila mahali. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imepita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na reli hailali juu ya udongo mtupu bali juu ya kokoto. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui nayo imekula mawe. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, ni mlima mzima wa mawe uliopangwa na binadamu. Juu ya hayo kuna nyumba, maduka na madarasa. Hakuna anayepinga maendeleo. Lakini mashine ya kuponda mawe ni kama kinu cha mahindi. Haiwezi kutoa chenga bila kutoa unga. Kokoto kubwa zinanunuliwa mbio mbio, na ule unga laini kabisa unabaki. Kiasi fulani huchukuliwa kuwekwa chini ya kabro au kuchanganywa katika matofali. Unaobaki unakaa pale chunguchungu ukingoja upepo wa Agosti. Mijini nako wako mafundi wanaokata graniti za kuwekwa makaburini na juu ya meza za jikoni. Msumeno wao hukata kwa maji, na tope jeupe linalotoka huelekezwa mtaroni. Likikauka linakuwa vumbi, na mvua ikija mtaro umeziba.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzangu wa kutwa wataniunga mkono nikisema kwamba sisi tunayaona mambo ambayo wa bweni hawayaoni. Njiani tunawapita akina mama walioketi juani, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake la kokoto. Wengine wamefunga leso puani, wengine hawana hata hiyo. Kokoto hizo ndizo karo ya baadhi yetu tulio hapa shuleni, kwa hivyo asije mtu akasema wafukuzwe. Lakini tuseme ukweli. Vumbi la mawe yenye silika likiingia mapafuni siku baada ya siku huacha makovu yasiyopona, na ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Haupigi hodi. Unaweza kuingia leo ukajitokeza miaka mingi baadaye, wakati mtoto aliyesomeshwa kwa kokoto ameanza kazi na mama hawezi tena kupanda mlima wa kwenda kanisani.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchanga. Watu wa mbali hudhani mto usio na maji ni mto uliokufa. Mkamba hadanganyiki hivyo. Anajua maji yako ndani ya mchanga, yamejificha kati ya chembe ambako jua haliyafikii, naye huchimba kisima akapata ya kunywa na ya kunyweshea ng'ombe. Ndiyo maana wazee wetu walijenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, watu wakikusanyika kubeba mawe na kujenga ukuta mtoni ili mchanga ubaki na maji yabaki nao. Kule Kitui shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa kama hayo tangu miaka ya 1990, na wageni huja kutoka ng'ambo kujifunza kwetu. Sasa ajabu ni hii. Mchana tunajenga bwawa la kuzuia mchanga, usiku lori linakuja kuuzoa! Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na Kitui nayo ina sheria yake. Sheria ni nzuri, lakini sheria peke yake haijengi nyumba. Mtu anayejenga atatafuta mchanga tu, wa halali au wa haramu. Ukitaka aache mchanga wa mto, mpe kitu kingine mkononi.

Halafu kuna simiti. Simiti hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri yenye joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi. Mawe ya chokaa yakiungua hutoa hewa ya kaboni, na moto wenyewe hutoa nyingine. Ndiyo sababu wataalamu husema kwamba katika kila sehemu 100 za hewa ya kaboni ambayo binadamu huirusha angani, takriban sehemu 8 zinatoka kwa simiti. Wakulima wa Ukambani wanaolilia mvua ya Novemba wana haki ya kulijua jambo hilo. Kisha viwanda vingi vya karibu nasi viko Athi River, na kila kilomita ambayo lori linakwenda kuelekea Mwingi au Mutomo inaongezwa kwenye bei ya mfuko. Anayeilipa ni yule mzazi anayejenga chumba kimoja kwa miaka mitatu.

Sasa ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna aina ya mawe ya kutengenezwa na binadamu inayoitwa jiopolima. Jina hilo lilitungwa na mwanakemia Mfaransa, Joseph Davidovits, katika miaka ya 1970, alipokuwa akitafuta kitu cha kujengea kisichoshika moto. Hata kabla yake, katika miaka ya 1950, Viktor Glukhovsky wa kule Ukraini alikuwa ameonyesha kwamba unga wa madini ukichanganywa na alkali huweza kugeuka kitu kigumu cha kujengea bila simiti ya kawaida. Kwa hivyo si uvumi wala si miujiza ya kwenye soko. Nchini Australia, uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na mji wa Toowoomba ulitumia zege ya namna hii, kiasi cha mita za ujazo 40,000 hivi, na ukafunguliwa mwaka 2014. Kama ndege kubwa inaweza kusimama juu yake, sembuse mbuzi wa jirani kupita juu ya kijia cha shule!

Inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Unachukua unga wenye silika na alumina, yale majina mawili niliyowaambia myashike. Unaumwagia maji yaliyoyeyushiwa alkali kali, kwa kawaida sodiamu haidroksaidi, ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki soda, pamoja na sodiamu silikati. Alkali inaufungua ule unga, silika na alumina zinatoka, kisha zinaanza kushikana mkono kwa mkono mpaka zinakuwa wavu mmoja. Fikiria mama anayesuka kiondo. Nyuzi za katani zikiwa moja moja hazibebi hata yai, lakini zikisukwa zinabeba gunia la mbaazi. Wavu huo ukikauka umepata jiwe, na hukuhitaji tanuri ya nyuzi 1,450.

Hapa inabidi niwe mkweli, maana mgala muue na haki umpe. Vumbi la graniti peke yake ni jeuri. Silika yake imejifunga ndani ya fuwele ngumu, na alkali haiifungui kwa urahisi. Ni kama mahindi makavu ya isyo. Ukiyatia sufurianina maji matupu utachoma kuni mpaka jioni na bado yatakuvunja meno. Mama anajua la kufanya. Hutia magadi, na huchanganya mahindi na maharagwe yanayoiva vizuri. Vumbi la mawe nalo linataka mwenzake aliye laini. Mwenzake huyo anaweza kuwa udongo wenye madini ya kaolini uliochomwa kwa nyuzi kama 700 au 800, ambao huitwa metakaolini. Huo hufunguka upesi ukawa gundi, na vumbi la graniti likawa nyama ndani yake. Njia nyingine ni kulichoma vumbi lenyewe pamoja na alkali ili fuwele zilegee. Watafiti wa Kamerun walichapisha kazi yao juu ya vumbi la graniti mwaka 2016. Nimeitaja Kamerun kwa makusudi, ili mtu asije akasema kwamba mambo haya ni ya wazungu na maabara zao za vioo.

Je, sisi huku tunaye huyo mwenzake laini? Ndiyo. Udongo mwekundu wa nchi zenye joto kama yetu kwa kawaida huwa na madini ya jamii ya kaolini. Angalieni pia pale wanapochoma matofali. Kila tanuri ikifunguliwa kuna rundo la matofali yaliyovunjika au yasiyoiva vizuri, na hayo hutupwa. Huo ni udongo ambao tayari umekwisha kuchomwa! Ukisagwa unaweza kujaribiwa. Majirani zetu wa Mwea wana makapi ya mpunga, ambayo yakichomwa kwa uangalifu hutoa jivu lenye silika iliyo laini. Nchi nyingine hutumia jivu la makaa ya mawe, lakini makaa yetu ya bonde la Mui bado yamelala chini ya ardhi, na sioni haja ya kuyaamsha eti ili tupate jivu. Wengine watataja majivu ya volkano ya vilima vya Chyulu. Ni kweli majivu ya volkano hufaa, hata Warumi wa kale waliyatumia katika majengo yanayosimama hadi leo. Lakini Chyulu ndiyo inayokunywa mvua na kuipeleka chini kwa chini mpaka chemchemi za Mzima. Tusiokoe mto mmoja kwa kuua mwingine.

Na alkali je? Hapa ndipo Kenya imebarikiwa. Ziwa Magadi liko Kajiado, na magadi yake yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Wanafunzi wa kemia mnajua kwamba maji ya magadi yakichanganywa na chokaa iliyozimwa hutoa kostiki soda, na unga mweupe unatuama chini. Mawe ya chokaa yako Kitui kusini. Kwa maneno mengine, vitu tunavyohitaji vimetuzunguka kama vifaranga vinavyomzunguka kuku, nasi tumekaa katikati tukilia njaa.

Najua wako watakaonipinga, na wana haki yao. Wa kwanza atasema kwamba kostiki soda ni hatari. Ni kweli kabisa. Inaunguza ngozi na inaweza kumpofusha mtu. Kazi hii inataka glavu, miwani, na kanuni moja isiyovunjwa: alkali hutiwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji juu ya alkali. Haifai kuachiwa watoto wala kufanyiwa jikoni. Lakini hata simiti mbichi huunguza, na mafundi wetu wanaishika kwa mikono mitupu kila siku bila mtu kuwaonya. Hatari haiondolewi kwa kuiogopa bali kwa kufundishwa.

Wa pili atasema kwamba alkali ni ghali. Huyu ana hoja nzito kuliko wote, maana katika jiopolima kitu kinachomaliza pesa ni alkali. Tena alkali nayo haiji bila moshi wake. Ndiyo maana sisemi kesho asubuhi tufunge maduka ya simiti. Nasema tupime. Tukijua kiasi kidogo kabisa cha alkali kinachotosha vumbi letu na udongo wetu, ndipo tutajua bei. Mtu asiyepima husema ghali hata kwa kitu ambacho hajawahi kununua.

Wa tatu ataniuliza, nyumba ikianguka nani atalaumiwa? Swali zuri. Jiopolima iliyochanganywa vibaya hupasuka, na alkali ikizidi hutoa chumvi nyeupe juu ya uso wa tofali. Kwa sababu hiyo tusianze na nyumba. Tuanze na vitu ambavyo vikivunjika havimuui mtu: kabro za vijia vya shule, mawe ya kando ya barabara, vigae vya mtaro, vyungu vya miche. Vikivumilia mvua na jua la miaka kadhaa, na vikipimwa na wenye mamlaka ya viwango, ndipo tuzungumze habari za kuta. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna pia wale wanaosema, "Kazi yetu sisi ni kuchimba na kuuza, hayo mengine ni ya wenye viwanda." Fikira hiyo ndiyo iliyotuweka hapa. Sheria ya madini ya mwaka 2016 inasema kwamba katika mrabaha, serikali kuu hupata asilimia 70, kaunti asilimia 20 na jamii ya mahali hapo asilimia 10. Asilimia 10 si haba, lakini bado ni fungu la thamani ya jiwe ghafi. Thamani kubwa hukaa kwa kitu kilichotengenezwa. Makueni iliona hivyo kuhusu maembe ikajenga kiwanda cha matunda pale Kalamba. Kitui iliona hivyo kuhusu nguo ikaanzisha KICOTEC pale Syongila wakati wa gavana Charity Ngilu. Kama embe linastahili kiwanda, na shati linastahili kiwanda, jiwe limekosa nini?

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na naomba wakubwa wasiyaone kuwa ni utundu wa kitoto.

La kwanza ni la leo, wala halihitaji kemia. Pale ambapo vumbi la mawe linaweza kushika nafasi ya mchanga wa mto, litumike. Mafundi wengi tayari wanalichanganya katika matofali ya simiti. Kaunti zinapotoa kandarasi za madarasa na zahanati ziweke sharti kwamba sehemu ya mchanga iwe ni vumbi lililochekechwa vizuri. Lori moja la vumbi likitumika ni lori moja la mchanga lililobaki mtoni.

Pendekezo la pili linahusu afya. Kila mahali panapopondwa mawe vumbi linyunyiziwe maji, wafanyakazi wapewe barakoa za kweli na si za kujionyesha siku ya mkaguzi, na mashimo yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe ua. Mashimo hayo hujaa maji wakati wa mvua, na watoto huenda kuogelea. Hakuna kokoto yenye thamani ya mtoto.

Tatu, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kitui na vyuo vya ufundi kama kile cha Wote vichukue vumbi la kila machimbo na kulipima, kisha viandike mapishi yake. Hapa ndipo ninaporudi kwa ile sababu niliyowaahidi. Mapishi hayo yaandikwe kwa Kiswahili, na kwa Kikamba pia. Fundi wa Ikutha hasomi majarida ya kisayansi ya Kiingereza, lakini huyo ndiye mwenye mwiko mkononi. Elimu ikifungiwa katika lugha asiyoijua huwa kama ile silika iliyofungwa ndani ya fuwele: ipo, lakini haimfai. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaweza kuwa alkali ya kuifungua. Mabaharia wa pwani walitupa tanga na nanga, waashi wa pwani walitupa chokaa na boriti kwa kuchoma matumbawe na kujenga miji kama Gedi na Lamu. Kwa nini sisi tusilipe Kiswahili maneno ya ujenzi wa siku zetu?

Nne, sisi wenyewe wanafunzi. Naomba chama chetu kishirikiane na chama cha sayansi, chini ya macho ya mwalimu wa kemia na ndani ya maabara, tutengeneze michemraba midogo ya vumbi la mawe, unga wa matofali yaliyovunjika na alkali. Tubadilishe kipimo kimoja kimoja. Mingine tuiweke juani, mingine kivulini. Tuiloweke kwa siku nzima tuone itakayoyeyuka na itakayosimama, kisha tuibebeshe uzito mpaka ivunjike na kuandika kila tarakimu. Isipofaulu tutakuwa tumejifunza kwa nini haikufaulu. Ikifaulu tutaipeleka katika mashindano ya sayansi, na mwaka ujao tutandike hatua chache za kijia kutoka langoni hadi ofisini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wenzangu, jambo hili lisipofanywa na sisi litafanywa na wengine. Siku moja atakuja mtu mwenye suti na mkoba, atalinunua hili vumbi kwa bei ya bure, na baada ya miaka michache tutaliona linarudi likiwa matofali yenye jina la kigeni, nasi tutapanga foleni kuyanunua. Wakati huo mto hauna mchanga, kisima hakina maji, na mama bado anakohoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mchanga ukishapanda lori haurudi.

Wazee wetu hawakungoja mfadhili ili wajue kwamba mchanga huhifadhi maji. Walitazama mto, wakafikiri, wakaitana mwethya. Sisi tumepewa zaidi yao, tumepewa shule na maabara. Itakuwa aibu tukimaliza kidato cha nne tukijua kutaja sehemu za graniti kwenye mtihani na tusijue la kuifanyia graniti iliyo nje ya dirisha.

Hayo ndiyo maoni yangu. Aliye na hoja ya kunipinga na aiandike katika toleo lijalo, nami nitaisoma kwa furaha. Ila aje na vipimo, asije na kelele tu. Kwa sasa naweka kalamu chini, nikawashike mkono wale watakaokuja maabara.